Filamu za chakula na lishe: uamini nini, na uache nini?

Filamu kuhusu chakula zimekuwa nyingi kwenye simu zetu. Nyingine zinakuja nzima kupitia YouTube, nyingine zinakatwa vipande vya dakika mbili na kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp, na nyingine zinaonyeshwa kwenye kibanda cha video zikiwa zimetafsiriwa. Moja inasema yai ni sumu. Nyingine inasema maziwa yanaleta saratani. Nyingine inasema mgonjwa wa kisukari anaweza kupona ndani ya siku thelathini na kuacha dawa.

Kwa wakazi wa Nakivale na wenyeji wa Isingiro na Mbarara, jambo hili linagusa sufuria ya nyumbani. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, liliacha kuwapa msaada wa chakula karibu wakimbizi milioni moja nchini Uganda kwa sababu ya upungufu wa fedha. Familia nyingi sasa zinanunua au kulima karibu kila kitu zinachokula. Mama akiacha kumpa mtoto yai kwa sababu ya filamu, huenda hana kitu kingine cha kuweka mahali pake.

Makala haya yanaeleza filamu hizi zinatengenezwaje, zipi zilisema kweli, zipi zilizidisha, na wewe ufanye nini kabla ya kubadilisha chakula cha nyumba yako.

Kwa kifupi

- Filamu inaweza kukuonyesha jambo la kweli ambalo hukulijua. Haiwezi kukupima wewe wala mtoto wako.
- Filamu nyingi za lishe zimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaokula kupita kiasi. Ushauri wao unaweza kumdhuru mtu ambaye chakula chake ni kidogo.
- Usiache dawa, na usimwondolee mtoto au mama mjamzito chakula chochote chenye lishe, kabla ya kuongea na mhudumu wa afya.

Filamu ya makala ni nini?

Filamu ya makala, ambayo wengine huiita dokumentari, inaonyesha watu halisi na mahali halisi. Hakuna waigizaji kama kwenye sinema za mapigano. Kwa sababu hiyo watu wengi hufikiri kwamba kila kinachosemwa ndani yake kimehakikishwa.

Lakini filamu ya makala nayo inatengenezwa na mtu mwenye lengo lake. Anaweza kurekodi saa mia moja na kutumia saa moja na nusu tu. Yeye ndiye anayechagua daktari gani azungumze na mgonjwa gani aonyeshwe. Anachagua hata muziki wa kuogopesha au wa kutia matumaini. Mgonjwa aliyepona atawekwa mwishoni. Yule ambaye hakupona huenda asionekane kabisa.

Hapa Uganda kuna jambo la kuongeza. Kwenye kibanda cha video, filamu ya kigeni hupita kwa VJ, yaani mtu anayeitafsiri huku ikiendelea. VJ mzuri huongeza maneno yake ili watu wacheke na wafurahi. Kwenye sinema ya mapigano hakuna ubaya. Kwenye filamu ya kisukari au ya chakula cha watoto, neno moja lililoongezwa linaweza kugeuza maana. Vipande vya WhatsApp vina shida hiyohiyo: mara nyingi vinabeba sehemu ya kutisha na kuacha sehemu ya maelezo.

Je, kuna filamu za chakula zilizosema kweli?

Ndiyo, na moja ilirekodiwa jirani kabisa, nchini Kenya. Mwaka 1975 Mjerumani Peter Krieg alitoa filamu iitwayo Flaschenkinder, maana yake watoto wa chupa. Filamu ilionyesha jinsi maziwa ya unga ya watoto yalivyotangazwa kwa akina mama maskini. Mama aliyenunua maziwa hayo hakuwa na maji safi wala kuni za kutosha kuchemsha chupa. Kopo lilikuwa ghali, kwa hiyo aliongeza maji mengi ili lidumu. Mtoto aliharisha na kukonda, huku maziwa ya mama yakikauka kwa sababu hanyonyeshi.

Filamu hiyo ilionyeshwa makanisani na mashuleni huko Marekani na Ulaya. Mwaka 1977 ulianza mgomo wa kutonunua bidhaa za Nestlé. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kimataifa za kuzuia matangazo ya maziwa ya kopo kwa watoto wachanga. Uganda nayo ilitunga kanuni zake mwaka 1997.

Kwa nini filamu hii ilistahili kuaminiwa? Kwanza, ilionyesha jambo linaloweza kuonekana kwa macho: maji machafu, chupa chafu, unga uliozimuliwa. Pili, haikuwa peke yake. Daktari Cicely Williams, yule aliyeandika kuhusu kwashakoo huko Ghana katika miaka ya 1930, alikuwa ameonya juu ya maziwa ya kopo tangu mwaka 1939. Madaktari wa watoto waliofanya kazi Afrika walisema hivyohivyo kabla ya filamu kutoka. Tatu, ushauri wake haukumwondolea mtoto chakula bora. Ulimrudishia.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Julai 2019. Televisheni ya NTV ya Kenya ilionyesha makala ya uchunguzi iitwayo Red Alert, iliyofichua kwamba baadhi ya maduka makubwa ya Nairobi yalitia kemikali kwenye nyama ili ionekane nyekundu na mbichi kwa muda mrefu. Makala hayo yaliwafanya wakaguzi wa serikali waingie madukani. Uzuri wake ni kwamba madai yake yaliweza kuhakikishwa: chukua nyama, ipeleke maabara, upate jibu.

Filamu za aina hii zinafichua kitu kilichofichwa. Ndizo filamu za chakula zinazostahili kusikilizwa zaidi. Mambo huwa magumu filamu inapoacha kufichua na kuanza kukuambia wewe ule nini.

Filamu gani zilizidisha?

Tuangalie tatu zinazojulikana duniani kote, ambazo vipande vyake vinafika hadi huku.

*Super Size Me, 2004.* Mmarekani Morgan Spurlock alikula chakula cha McDonald's peke yake kwa siku 30, mara tatu kwa siku. Aliongezeka uzito kwa kilo 11 hivi, na madaktari wake walishtuka kuona hali ya ini lake. Filamu ilisaidia watu wengi kufikiria juu ya vyakula vya kukaanga na soda. Lakini mwaka 2017 Spurlock mwenyewe aliandika hadharani kwamba alikuwa amekunywa pombe kwa miaka mingi bila kukaa muda mrefu akiwa hajanywa. Watazamaji wa filamu hawakuambiwa. Pombe nayo huharibu ini. Na jaribio la mtu mmoja, hata angekuwa mkweli kwa kila kitu, haliwezi kuonyesha kitakachowapata watu wengine.

*What the Health, 2017.* Filamu hii ilidai kwamba kula yai moja kila siku ni kubaya sawa na kuvuta sigara tano. Pia ilisema sukari si chanzo cha kisukari, na kwamba tatizo ni nyama. Kuhusu mayai, mwaka 1999 ulitolewa utafiti mkubwa wa Marekani uliofuata zaidi ya watu 117,000 kwa miaka mingi. Kwa watu wenye afya, yai moja kwa siku halikuonekana kuongeza ugonjwa wa moyo. Kwa wenye kisukari kulikuwa na dalili za hatari zaidi, na ndiyo maana wao wanahitaji ushauri wao peke yao. Sigara haina faida yoyote mwilini. Yai lina protini gramu sita hivi, vitamini A na vitamini B12.

Filamu hiyohiyo ilitumia tangazo la mwaka 2015 la shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, WHO. Shirika hilo liliweka nyama za kusindikwa kama soseji kwenye kundi moja na sigara. Ni kweli liliziweka. Lakini kundi hilo linaeleza jinsi wanasayansi walivyo na uhakika kwamba kitu kinaweza kuleta saratani. Halielezi ukubwa wa hatari. Walichokuta ni kwamba kula gramu 50 za nyama hizo kila siku kunaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Kama kati ya watu 100 wangeugua watano, sasa wangeugua karibu sita. Hatari ipo, ila ni ndogo sana kuliko ya sigara. Na ni nani huku kambini anakula soseji kila siku?

*You Are What You Eat, 2024.* Filamu hii ya Netflix ilitokana na utafiti halisi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mapacha jozi 22 waligawanywa: mmoja alikula vyakula vya mimea tu, mwenzake alikula pia nyama, mayai na maziwa. Baada ya wiki nane, waliokula mimea tu walipungukiwa zaidi na mafuta mabaya kwenye damu. Utafiti ulifanywa vizuri. Lakini ni watu 44 kwa wiki nane, Marekani, watu wazima wenye afya. Hautuambii lolote kuhusu mtoto wa mwaka mmoja wa Rubondo au mama anayenyonyesha wa Juru.

Nani amelipa?

Swali hili linasaidia sana. Utafiti wa mapacha ulilipiwa na mfuko wa Vogt Foundation, na mtafiti mkuu alitangaza mwenyewe kwamba amewahi kupata fedha za utafiti kutoka Beyond Meat, kampuni inayouza nyama za kutengenezwa kwa mimea. Filamu nyingine, The Game Changers, ilisifu vyakula vya mimea kwa wanamichezo. Mmoja wa watayarishaji wake, James Cameron, alikuwa na kampuni ya kutengeneza protini ya njegere.

Upande wa pili nao hufanya hivyo. Mwaka 1967 jarida kubwa la madaktari la Marekani lilichapisha makala iliyolaumu mafuta kwa ugonjwa wa moyo na kupunguza lawama za sukari. Mwaka 2016 ilifichuka kwamba walioiandika walikuwa wamelipwa na chama cha wafanyabiashara wa sukari.

Mtu kulipwa hakumfanyi kuwa mwongo. Kunakupa sababu ya kuuliza mara ya pili.

Kwa nini mahali unapoishi ni muhimu?

Chukua yai lilelile. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa Ecuador, Amerika ya Kusini. Watoto wa miezi 6 hadi 9 walipewa yai moja kila siku kwa miezi sita. Udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, ulipungua kwa karibu nusu. Ingekuwa filamu, ingeishia hapo na muziki wa furaha.

Kisha wanasayansi wakajaribu jambo hilohilo Malawi, kwa watoto 660. Matokeo yalitoka mwaka 2019: kwa ujumla, mayai hayakuongeza urefu wa watoto. Sababu moja inayotajwa ni kwamba watoto wengi wa eneo hilo walikuwa tayari wanakula samaki wa ziwani. Kwa mtoto ambaye hapati kabisa chakula cha wanyama, yai linaleta tofauti kubwa. Kwa mtoto anayekula samaki, tofauti inakuwa ndogo.

Kwa hiyo yai si sumu, na si muujiza. Inategemea mtoto huyu anakula nini kingine. Filamu iliyotengenezwa California haijui kilichomo kwenye sahani yako.

Sahani ya Nakivale inakosa nini?

Filamu nyingi hizi zinaongea na mtu anayekula nyama mara mbili kwa siku, anayekunywa soda na anayetembea kwa gari. Kwake, kupunguza nyama na kuongeza maharage ni ushauri mzuri. Familia nyingi za Nakivale tayari zinakula maharage na posho, na hazigusi nyama kwa sababu ya bei.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikuta kwamba katika Uganda watoto 29 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na zaidi ya nusu ya watoto wadogo wana upungufu wa damu. Shida hii ipo hata hapa kusini magharibi, ambako matooke na maharage vinalimwa kwa wingi. Tumbo linaweza kushiba matooke huku mwili ukikosa madini ya chuma, protini na vitamini.

Vyakula vinavyosaidia, na vinavyopatikana kwenye masoko yetu, ni hivi:

- Mukene, wale dagaa wadogo. Waoshe, wakaushe, wasage, na utie kijiko kwenye uji au mboga ya mtoto.
- Maharage, karanga na soya. Kula pamoja na ugali au mchele.
- Mboga za majani: dodo ambayo wengine huita lengalenga, sombe, na majani ya maboga. Sombe lazima itwangwe na kupikwa vizuri.
- Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, papai na maboga, kwa ajili ya vitamini A.
- Yai na maziwa, pale vinapopatikana, kwanza kwa mtoto mdogo na mama mjamzito.

Viazi vya rangi ya chungwa vinatufundisha jambo. Mtafiti Mganda Robert Mwanga na wenzake walifanya kazi ya miaka mingi ya kutafuta mbegu zinazokubali udongo wetu na kuongeza vitamini A. Mwaka 2016 walipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Ushahidi wao ulijengwa shamba kwa shamba na mwaka kwa mwaka.

Kama imani yako au mapenzi yako ni kutokula nyama, hilo ni chaguo lako na linawezekana kiafya. Lakini mtu asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa anahitaji vitamini B12 kutoka mahali pengine. Mwambie mhudumu wa afya, hasa ukiwa mjamzito.

Na maziwa je?

Watu wa Ankole wamekula maziwa na samli kwa vizazi vingi. Wasomali, Wanyarwanda na wengine waliopo Nakivale nao wana mila zao za maziwa. Filamu za kigeni zinaposema maziwa ni hatari, kwa kawaida zinazungumzia ufugaji wa viwandani wa huko kwao.

Kuna watu ambao tumbo lao haliyapendi maziwa. Wanapata gesi au kuharisha. Hao wanaweza kujaribu maziwa ya mgando, ambayo mara nyingi ni rahisi zaidi kwa tumbo. Lakini hatari kubwa ya maziwa huku kwetu ni ile ambayo filamu hizo hazitaji: maziwa yasiyochemshwa. Yanaweza kuleta ugonjwa wa bruselosi, ambao upo katika mifugo ya eneo hili, na pia kifua kikuu cha ng'ombe. Dalili za bruselosi ni homa inayokuja na kuondoka, maumivu ya viungo na uchovu, na mara nyingi watu hudhani ni malaria. Chemsha maziwa kila mara.

Kisukari: hapa filamu inaweza kuua

Filamu ya Simply Raw ya mwaka 2009 ilifuata watu sita wenye kisukari waliokula vyakula vibichi vya mimea kwa siku 30. Watu sita ni wachache mno, na siku 30 ni chache mno.

Hata hivyo, kuna ukweli nyuma ya filamu za namna hii. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti wa Uingereza wa watu karibu 300 wenye kisukari cha aina ya pili. Wale waliopunguza sana chakula na uzito, karibu nusu yao walikuwa na sukari ya kawaida bila dawa baada ya mwaka mmoja. Lakini angalia masharti: walikuwa na uzito mkubwa, walikuwa na ugonjwa kwa miaka isiyozidi sita, hakuna aliyekuwa akitumia insulini, na wahudumu wa afya waliwapima na kuwafuata muda wote. Zaidi ya nusu hawakufika hapo.

Mtu mwembamba mwenye kisukari hapaswi kujaribu jambo hilo. Na mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye mara nyingi huanza akiwa mtoto au kijana, akiacha insulini anaweza kufa ndani ya siku chache. Hakuna chakula, juisi wala mti wa shamba unaochukua nafasi ya insulini.

Tena, usidanganywe kwamba wanga na sukari si tatizo. Kwa mgonjwa anayekula posho, mihogo na matooke kila siku, wingi wa vyakula hivyo unapandisha sukari ya damu. Uliza kituoni ni kiasi gani kinakufaa. Ikiwa umeona filamu na unataka kujaribu, nenda nayo kwenye kliniki na useme wazi. Ni bora muuguzi akusikie kuliko uache dawa kimyakimya.

Maswali saba ya kuuliza kabla ya kufuata filamu

1. Inaonyesha kitu kinachoweza kupimwa, au inatoa hadithi ya mtu aliyepona tu?
2. Ni watu wangapi walijaribiwa, na kwa muda gani?
3. Watu hao wanafanana na mimi? Umri wao, uzito wao, chakula chao?
4. Nani alilipa, na kuna kitu kinauzwa mwishoni? Ikiwa kuna unga, chai au vidonge vya kununua, simama hapo.
5. Inasema chakula kimoja kinaleta au kinaponya magonjwa yote? Hakuna chakula cha namna hiyo.
6. Nimeona filamu nzima, au kipande kilichokatwa na kutafsiriwa?
7. Nikifuata ushauri huu na ukawa si kweli, nani ataumia?

Swali la saba ndilo kubwa. Filamu ikikuambia uongeze mboga, upunguze soda na utembee zaidi, hata ikiwa imezidisha, hupotezi kitu. Ikikuambia umwondolee mtoto yai, uache dawa, au ufunge siku nyingi, gharama ya kukosea ni kubwa. Hapo lazima uulize kwanza.

Chakula kikiwa na shida ya kweli

Kusema tusiamini kila filamu hakumaanishi kila hofu ni uvumi. Machi 2019 huko Karamoja, watu karibu 300 waliugua na watano walikufa baada ya kula uji wa unga ulioongezwa lishe kutoka kwenye msaada. Walichanganyikiwa, wengine waliona vitu visivyokuwepo. WFP ilisimamisha ugawaji wa unga huo, sampuli zikapelekwa maabara, na ikagundulika sumu ya mmea wa porini uitwao datura. Watu waliosema "unga huu una shida" walikuwa sahihi, na vipimo vilithibitisha.

Vivyo hivyo kwa mahindi yenye ukungu. Mwaka 2004 huko Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Kausha mahindi vizuri juu ya turubai, si juu ya udongo, na usile yenye ukungu.

Ukiona watu kadhaa wameugua baada ya kula chakula kimoja, acheni kukila, msikitupe chote, wekeni kidogo kwa ajili ya vipimo, na mpelekeni mgonjwa kituoni haraka.

Uulize wapi?

- VHT wa kijiji chako. Anaweza kumpima mtoto kwa utepe wa mkono na kukuambia kama anahitaji kwenda kituoni. Huduma hii ni ya bure.
- Kituo cha afya kilicho karibu nawe. Uliza siku ya kliniki ya lishe, ya akina mama wajawazito, au ya kisukari na presha. Mama mwenye virusi vya UKIMWI aulize hapo kuhusu kunyonyesha. Akitumia dawa zake vizuri, kwa kawaida anashauriwa kunyonyesha.
- Hospitali ya Rufaa ya Mbarara. Kwa wagonjwa wanaohitaji uchunguzi zaidi. Kituo chako ndicho kinachokuandikia rufaa.
- Simu ya bure ya wakimbizi, 0800 323232. Piga ikiwa hujui uende wapi, una malalamiko kuhusu huduma, au unataka kutoa taarifa kuhusu chakula cha msaada.

Kama una simu yenye kipande cha filamu kilichokutia hofu, kibebe uende nacho. Mwonyeshe VHT au muuguzi na umuulize: "Hii inanihusu mimi na mtoto wangu?"